Boma Lililonyooshewa Mikono

Sehemu ya Saba

Kwa wale walioishia wiki jana wakashindwa kumaliza chai yao: alichokuwa amekificha Bibi Genoveva ndani ya khanga hakikuwa panga. Wengi mlibashiri panga. Msomaji mmoja wa Bagara alinipigia simu akaapa kuwa ni hirizi. Poleni nyote. Mlango wa ofisi ya makamu mkuu wa shule ulifunguka, kikongwe akaingia bila haraka, akafungua khanga yake na kuweka mezani kipande cha mti kilichochongwa ncha, kichwani kimepakwa rangi nyekundu.

Kilikuwa kigingi cha vipimo.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Anjela, makamu mwenyewe, akiinuka kitini.

"Marahaba, mwanangu. Hiki nimekikuta kifuani kwa mzee."

Mzee mwenyewe ni marehemu Leonard, mumewe. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, jirani na zizi la mbuzi, limezungushiwa mawe. Kigingi kilikuwa kimepigwa katikati ya mawe hayo.

Anjela alikitazama bila kukigusa. Alijua kimepigwa na nani. Alijua pia ni kitu gani kinatakiwa kuchimbwa pale, na kwa kuwa alijua, hakuuliza swali hata moja.

"Nimekileta kwa sababu ni mali ya serikali," Bibi Genoveva aliendelea. "Sitaki waseme nimeiba. Lakini yule kijana wa vipimo amekosea. Umwambie wewe, mnaelewana. Amekuja kupima kwangu badala ya kule kwenye boma."

Kule kwenye boma.

Msomaji uliyeanza leo, sogea nikueleze upesi kabla wenzako hawajanichoka. Sekondari ya Mbugani iko ukingoni mwa Maisaka, na mji umeifuata huko huko. Zamani ilizungukwa na mahindi. Siku hizi ukipiga chafya unajibiwa na jirani mpya. Watoto wamejaa mpaka wanabanana wanne dawati moja, na kidato cha tano hakiwezi kuanza kwa sababu shule haina bweni. Wasichana wanaotoka mbali wanapanga vyumba mitaani, wanajipikia, na jioni wanagongewa milango na watu ambao si walimu wao. Kamati ya ujenzi ikachora mpango wa bweni la ghorofa moja, wananchi wakaitwa mkutanoni, na hapo neno moja likaharibu kila kitu.

Neno lenyewe ni hilo hilo, boma.

Fundi akisema boma, anaona kuta zilizofika kwenye lenta zikabaki zinangoja bati. Mbugani inalo boma la aina hiyo. Ni maabara iliyoanzwa kwa nguvu za wananchi, akina mama wakabeba maji kichwani, wanaume wakabeba mawe, kisha ikaachwa iote nyasi. Mkulima wa hapa akisema boma, anaweza kuona kuta hizo hizo, au anaweza kuona makazi ya mtu, yaani nyumba, zizi, ghala na makaburi yake. Inategemea kidole kinaelekea wapi.

Siku ya mkutano mwenyekiti wa kamati, Mzee Melkiadi, aliuliza hivi: "Mnakubali boma lililoko kaskazini mwa uwanja liondoke, bweni lipate nafasi?" Hakunyoosha kidole popote.

Maabara iko kaskazini mwa uwanja. Nyumba ya Bibi Genoveva nayo iko kaskazini mwa uwanja, juu yake kidogo, kwenye mwinuko. Watu wakaifikiria ile maabara, ambayo walishaichoka hata kuiona, na mikono ikanyooka. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Bibi Genoveva.

Anjela ni katibu wa kamati. Alikuwa amekaa mbele, ramani mapajani, na ramani ilikuwa inasema waziwazi ni boma gani. Aliuona ule mkono mkavu ukipanda. Akafungua kinywa aseme, watu wakapiga makofi, akakifunga. Hakudanganya mtu. Alifunga kinywa tu, na tangu siku ile nafsi yake haijaacha kumsuta, akiwa jikoni, akiwa darasani, hata akiwa kanisani mikono imefumbatwa.

Na huyu si bibi wa kuokota njiani. Anjela alitoka kwao Dareda akiwa msichana wa kidato cha kwanza, hana ndugu mjini, shule haina pa kumlaza. Bibi Genoveva alimkuta nje ya uzio amekalia sanduku lake la bati, macho mekundu kwa kulia. Akamwambia, beba sanduku, twende tukalale. Alilala kwake mpaka alipomaliza kidato cha nne, katika chumba cha upande wa mbuzi, na hakuna siku aliyoulizwa ataondoka lini.

Basi huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya meza, anangoja kusaidiwa.

"Mama," Anjela alianza. "Kuhusu boma."

Mlango ukasukumwa. Mhandisi Clemence aliingia na buti zenye tope, kijana mwenye haraka zake. "Makamu, kuna mtu kaning'olea kigingi. Kile cha shimo la..."

"Mhandisi," Anjela alimkata, "msalimie bibi kwanza."

Clemence aliona haya. Akavua kofia. "Shikamoo, bibi. Samahani."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe? Bado mtoto kabisa." Bibi Genoveva alimpa mkono. "Umepotea njia, mwanangu, lakini si neno. Hata mbuzi hukosea zizi. Kigingi chako hicho hapo."

Clemence alimtazama Anjela. Anjela alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Leo Jumamosi," bibi alisema akijifunga khanga, "nimebandika makande. Majirani wanakuja, tunakula, halafu tunashuka kwenye boma kutoa yale matofali mazima kabla mashine haijayasaga. Jasho letu lile. Wengine walikuwa hawataki livunjwe, nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza. Nimewaambia, mwalimu wetu Anjela yumo kwenye kamati, hawezi kutupoteza."

Akamshika Anjela shavu, kama alivyokuwa akimshika zamani matokeo yakitoka, akaenda zake.

Anjela alikaa. Tuseme ukweli, alianguka kwenye kiti.

"Kwa nini anasema nimepotea njia?" Clemence aliuliza.

"Anadhani boma ni ile maabara. Wote wanadhani hivyo."

"Na wewe unajua wanadhani hivyo?"

Clemence akavuta kiti kingine, akakaa taratibu.

"Makamu, mimi kwetu Muleba boma ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Nilipofika hapa nikaambiwa boma ni kwa mtu, nikaandika boma. Kama kuna neno lingine ungeniambia."

"Bweni haliwezi kukaa pale maabara ilipo?"

"Ulikuwepo nilipochimba kupima udongo. Ni udongo mweusi ule, masika ukipiga jembe maji yanakusalimia. Kwani hujaona nyufa? Nikiweka ghorofa pale, nitakuwa nimewalaza wasichana juu ya uji. Sehemu kavu ni ule mwinuko wa bibi peke yake."

"Na shimo la choo?"

"Shimo linaweza kuhama. Mimi niliona mawe tu, sikujua ni kaburi." Alisita. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Clemence hakumgombeza, na hilo lilimuuma Anjela kuliko kugombezwa. Alichukua kigingi chake, akakipangusa kwa kiganja. "Kijiko, ile mashine ya kuvunjia, tumekiazima kwa wale wanaochimba mtaro wa barabara," alisema. "Mimi sikiingizi kwa mtu asiyejua. Lakini mwenye kukiita si mimi, ni mwenyekiti. Nenda kwake sasa hivi."

Anjela akaenda.

Mzee Melkiadi ana mashine ya kusaga nafaka Bagara, na Jumamosi huwa haizimwi. Alimkuta mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Anjela mlangoni alizima mashine mwenyewe, wateja wakanung'unika.

"Mama Adrian. Karibu. Uso huo ni wa habari gani?"

"Mzee, shikamoo. Mkutano haukuelewa. Watu walinyoosha mikono kwa ajili ya maabara. Hata Bibi Genoveva, Mama Hilary mwenyewe. Neno lilituponyoka, inabidi tuwaite tena."

Melkiadi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha.

"Mwalimu, mimi Kiswahili nimekisema kabla hujazaliwa. Unafikiri neno liliniponyoka?"

Wasomaji, hapo Anjela alishika ukuta. Muda wote huo alijiona mkosaji peke yake. Kumbe kulikuwa na mwenzake, na mwenzake alikusudia.

"Yule ni shemeji yako," alisema kwa shida. "Kaburi ni la kaka yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana nililichagua neno." Melkiadi alijipangusa nyusi. "Ningesema, jamani tuvunje nyumba ya marehemu Leonard, nani angenyoosha mkono? Hata mimi nisingenyoosha. Watu wa hapa hawavunji nyumba ya mjane kwa kura. Wangelia, wangesali, wangekunywa chai, tungerudi nyumbani na bweni letu kwenye makaratasi. Nikasema boma. Kila mtu akaona boma alilolitaka."

"Huo ni udanganyifu, mzee."

"Ni udanganyifu. Na mjukuu wangu Vailet umemsahau?"

Hakuwa amemsahau. Vailet alikuwa darasani kwake. Alipanga chumba mtaani kwa sababu kwao ni mbali, na kidato cha tatu hakukimaliza. Leo anauza vitumbua karibu na stendi, mtoto mgongoni, na Anjela hupita upande wa pili wa barabara ili wasionane.

"Bweni lingekuwepo, Vailet angekuwa mwalimu kama wewe," Melkiadi alisema, sauti imepungua. "Shemeji nitamjengea nyumba Sigino, kwenye kiwanja changu mimi, tofali za kuchoma na bati la msauzi, lile la kisasa. Atalala vizuri kuliko anavyolala sasa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Umemwambia hayo?"

"Nitamwambia akishaiona nyumba."

"Basi mimi nitamwambia leo."

"Kamwambie." Melkiadi alisogea karibu, unga ukimdondoka. "Ila ukisema, sema yote. Sema nani alikuwa na ramani mapajani. Mimi niliuliza swali tu, mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa na jibu."

Anjela akageuka kuondoka.

"Tena umechelewa," mzee aliongeza, akigeukia mashine yake. "Clemence amenipigia simu, anajifanya ana huruma. Nikajua mtanizunguka. Mwenye kijiko nimeshamwambia apande leo leo."

Mashine ikawaka, maneno yakaishia hapo.

Nje, Mudy wa bodaboda alikuwa anangoja, miguu juu ya tanki. "Mwalimu, mambo? Mbona machozi, kuna msiba?"

"Twende Maisaka. Kwa Bibi Genoveva. Endesha."

"Poa. Shika vizuri basi."

Njiani Anjela alipanga maneno. Mama, nimekukosea. Hapana, hilo ni jepesi mno. Mama, kuna jambo halikueleweka. Hapana, hilo ni la uongo, lilieleweka vizuri na yeye. Mama, mimi ni mwizi. Hilo lilikaribia, lakini mwizi angalau huja usiku na kujificha. Yeye aliiba mchana, amekaa mbele ya watu, amevaa kitenge chake cha sherehe.

Alipofika, uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Majirani walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, bakuli mikononi, majembe na sururu vimeegemezwa zizini. Makande yalinukia hadi barabarani. Domitila, jirani wa ng'ambo, alikuwa anapakua na kutania wanaume kwamba wanakula kama watakaojenga mnara, na kazi yenyewe ni matofali machache.

"Mwanangu kaja," Bibi Genoveva alitangaza kwa fahari. "Mnaona? Viongozi wengine wanakaa ofisini. Wangu anakuja kubeba matofali."

Watu wakapiga makofi. Yale yale makofi, Anjela aliwaza.

"Mama, nina neno na wewe. Pembeni."

"Kula kwanza."

"Ni neno kubwa."

"Kubwa litangoja. Hapa kwangu tangu lini mtu anasema na tumbo tupu?"

Ni kweli. Katika nyumba ile hata habari ya msiba ilikuwa inangoja sahani. Anjela akapokea bakuli. Angeweza kulikataa. Angeweza kusema kwa sauti, hapo hapo, akiwa amesimama. Badala yake alikaa chini akala, na ndani ya moyo wake kulikuwa na sehemu ndogo, ya aibu sana, iliyofurahi kupewa nafasi ya kuchelewa. Alitafuna polepole. Bibi alipomwongezea, hakukataa.

Unamlaumu? Mimi namlaumu. Lakini nami nimewahi kula polepole.

Kisha udongo ukaanza kutetemeka chini ya makalio ya watu.

Kijiko kilikuja kikipanda mwinuko, ile mashine ya njano ya kuchimba mitaro, mkono wake mrefu umekunjwa kifuani, kimeipita maabara bila hata kuitazama. Kuku walitawanyika. Mbuzi walikimbilia kona ya zizi. Dereva alizima injini kwa adabu alipoona watu wanakula, akashuka, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, jina lake Tadeo.

"Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo," alisema. "Samahani kuwakatiza. Natafuta boma la Bibi Genoveva. Nimeambiwa nilivunje leo."

Kijiko kimoja cha bati kilianguka kwenye bakuli. Hakuna aliyekiokota.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi mwenyewe. "Wamekuelekeza vibaya, kijana. Boma la kuvunja ni lile ulilolipita, lenye nyasi. Hili si boma la shule. Hili ni langu mimi."

"Wewe ndiye Bibi Genoveva?"

"Ndiye mimi."

Tadeo alimtazama bibi, akaitazama nyumba, akalitazama bakuli lililokuwa mikononi mwa bibi. Akavua kofia. "Mzee Melkiadi alinielekeza vizuri sana," alisema kwa upole. "Alisema niipite maabara."

Kicheko cha bibi kilikwisha taratibu. Hakumtazama tena dereva. Aligeuka, macho yake yakapita kwa jirani mmoja mmoja, yakafika kwa aliyekuja na neno kubwa.

"Mwalimu," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Hata siku Anjela alipokuja na cheti chake cha ualimu, watu wote mtaani wakimwita mwalimu, mwalimu, yeye alisema mwanangu. Anjela alisikia jina hilo na kuelewa kwamba tayari amefukuzwa nyumbani.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Mwambie kijana boma ni lipi."

Bado kulikuwa na upenyo. Angeweza kusema ni lile la chini, Tadeo angeshuka, wiki ingepita, kamati ingekaa tena, pengine Mungu angefanya jambo. Majirani wote walikuwa wanatamani aseme hivyo. Aliliona hilo kwenye nyuso zao.

Akasimama.

"Ni hili, mama."

"Hili lipi?"

"Hili tulilokalia. Ramani inasema hapa tangu mwanzo. Siku ya mkutano nilikuwa nayo. Nilikuona unanyoosha mkono, nikajua umeelewa vibaya, nikanyamaza."

Watu husema ukisema kweli mzigo unatua. Wake haukutua. Aliuona tu ukiwapanda wengine, mmoja baada ya mwingine, hadi wote wakawa wameinama.

Domitila ndiye aliyelipuka. "Kura hiyo ni batili. Tunanyoosha upya. Na huyu dereva arudishe dubwana lake lilikotoka, la sivyo tutalala chini ya matairi yake."

Wanaume wakasimama, mmoja akashika sururu. Tadeo akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu, akisema yeye ni mtu wa kuitwa tu.

Bibi Genoveva aliweka bakuli lake chini. Aliwanyamazisha kwa kiganja.

"Bweni lenyewe," alimwuliza Anjela, "ni la wasichana?"

"La wasichana, mama."

"Kule chini kwenye maabara haliwezi kukaa?"

"Haliwezi. Kuna maji. Litapasuka kama maabara ilivyopasuka."

"Hii si kauli ya Melkiadi?"

"Ni ya mhandisi. Nilikuwepo akichimba, niliyaona maji kwa macho yangu."

"Na mzee wangu?"

"Mzee hataguswa. Mhandisi amekubali kulihamisha shimo."

"Shimo gani?"

Anjela alitamani ardhi impasukie. "La choo, mama. Kile kigingi kilikuwa cha shimo la choo."

Hapo uso wa bibi ulibadilika. Alifumba macho. Midomo yake ilicheza maneno ya lugha ya kwao, polepole, na majirani wa rika lake wakainamisha vichwa kwa kuyaelewa. Anjela naye aliyaelewa, aliyajifunza ndani ya nyumba hii hii. Bibi alikuwa anamwomba mumewe radhi. Alikuwa anamwambia, ni mimi niliyemleta mtoto huyu nyumbani.

Anjela akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

Bibi Genoveva alifumbua macho, akautazama ukuta wa nyumba yake, akautazama uwanja wa shule kule chini na mapaa mapya ya mji yaliyokuwa yanakuja upande wake mwaka hadi mwaka.

"Mkono ulionyooka ulikuwa wa kwangu," alisema mwishowe. "Nilidanganywa boma, lakini bweni sikudanganywa. Nilitaka wasichana wapate pa kulala. Ninalitaka hata sasa."

"Mama Hilary, usikubali," Domitila alilia. "Wamekufanya mjinga."

"Wamenifanya. Hilo nitalimaliza na Melkiadi, yeye na mimi, na kaka yake akisikiliza." Akamgeukia Tadeo. "Wewe kijana, kaa ule. Mashine yako haitaanza. Kwetu nyumba ya mtu haianzwi na mgeni. Anaanza mtoto wa nyumba, kwa mkono wake, ndipo wengine wanafuata. Mtoto asipoanza, hakuna mwenye ruhusa ya kugusa udongo."

"Mwanao Hilary yuko Kahama," mzee mmoja alisema. "Mpaka afike."

"Sikumtaja Hilary."

Alitembea hadi zizini. Akachagua jembe kati ya majembe ya majirani, akalipima uzito, akalirudisha, akachagua jingine zito zaidi. Akarudi nalo na kusimama mbele ya Anjela pale alipokuwa amepiga magoti.

"Inuka, mwalimu. Chakula changu umekula, kitanda changu umelalia. Mtoto wa nyumba ni wewe."

Anjela aliinuka. Jembe likawekwa mikononi mwake. Alitaka kusema hapana, na hakuwa na haki hata ya hilo hapana. Akilipiga, atakuwa amevunja kwa mikono yake nyumba iliyomlea. Asipolipiga, wasichana wa mwaka kesho watapanga vyumba kwa watu wasio walimu wao.

"Nianzie wapi, mama?" aliuliza, na sauti yake ikawa ya msichana wa kidato cha kwanza.

Bibi Genoveva alinyoosha kidole, wazi, mtu asije akaelewa vibaya tena.

"Chumba kile ulicholala wewe. Lakini gonga kwanza. Kuna mwanafunzi wako anayelala mle siku hizi, anajisomea."